Harufu ya Mzazi

Wakati ule pale nyumbani kwetu Ihanja tulikuwepo hawa. Baba yangu Ntandu, ambaye hamtamwona sana humu kwa sababu hata nyumbani hakuonekana sana. Mama yangu, Zainabu kwa jina la kwao, lakini watu wote walimwita Mama Njiku kwa ajili ya kaka yangu mkubwa. Njiku mwenyewe na mke wake Rehema, ambaye tangu ajifungue mtoto wa kwanza aliitwa Mama Sinda. Sinda huyo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, anakula udongo. Bibi yangu mzaa baba, Mwasiti, wazee wenzake walimwita Mama Ntandu, na neno lake pale uani lilikuwa la mwisho. Kaka yangu wa pili, Hango. Mke wa Hango, Mwamvua, mtu wa Sepuka. Na mimi, kitinda mimba. Mbwa aliitwa Shauri. Katikati ya mambo haya alikuja mgeni, Bibi Tausi wa Issuna, yaani Mama Mkhoi, dada yake bibi yangu, macho yalikuwa yamekwisha. Alikuja na mkwe wake Halima, Mama Kidawa.

Mtaona kila mwanamke mtu mzima hapo nimempa majina mawili, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ndiye aliyenikalisha hapa na kalamu, mimi ambaye kuandika nilifundishwa ukubwani, kwenye kisomo, na vidole vyangu bado vinaona kalamu ni mgeni.

Juzi mjukuu wangu Amina alikuja kunisalimu kutoka Singida mjini. Sasa macho yangu nayo si ya kutegemea. Mtu akisimama mlangoni, jua likiwa mgongoni kwake, mimi naona kivuli tu. Huyu aliposimama nikasikia harufu ya mafuta ya mtoto mchanga, yale laini, na poda yake. Moyo ukaniruka. Nikafungua mdomo kumwambia hongera, mjukuu wangu, mbona hamkunitumia habari. Kumbe ni Amina, hajaolewa, hana mtoto wala hana habari ya mtoto.

"Bibi, ni mafuta tu," akasema, anacheka. "Kila mtu anapaka. Yanalainisha ngozi."

Nikamwambia mafuta ya mtoto ni ya mtoto. Akasema siku hizi ruksa, bibi, duka halikuulizi. Na ni kweli halikuulizi. Miaka ile ya foleni, ukisikia harufu ile kwa mtu ulijua ana mtoto kweli, maana mwenye duka la ushirika hakumpa mwingine. Sasa maduka yamefunguliwa, mabasi yanashusha maboksi hapa Ihanja barabarani, na msichana ananunua harufu anayoitaka kama anavyonunua kitambaa. Amina alipoondoka harufu ilibaki ndani. Nikakaa nayo, hasira ikanipanda, wala si hasira ya Amina. Ni ya watu ambao wengi wao wameshazikwa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba hakuna wa kugombana naye.

Ilikuwa miezi ya njaa. Vilindo vya nafaka vilibaki na vumbi, na uwele shambani bado ulikuwa na maziwa, huwezi kuugusa. Wakati kama huo wanawake wa kwetu walikwenda kuchimba kwa sisimizi. Wenzangu wa umri wangu mnakumbuka. Wale weusi, wakubwa kuliko hawa wa jikoni, wanaookota mbegu za majani na uwele uliodondoka, wanazimenya, na makapi wanayatupa nje ya mlango wao mpaka yanakuwa duara jeupe unaloliona kutoka mbali. Ukiona duara, unachimba. Chini kuna vyumba vidogo vimejaa nafaka safi kuliko ya mtu mvivu. Unachukua ya vyumba vya juu, ya chini unawaachia, maana mwaka ujao utarudi.

Bibi alikuwa na sheria yake. Mkono wa kuingia shimoni uwe wa mwanamke aliyezaa. Asiyezaa akitia mkono, vyumba vitakutwa vitupu. Sisi watoto hatukuwa kitu, tulipeta. Mama Sinda wakati huo alikuwa na mimba ya pili, kubwa, kwa hiyo mkono wake ulionekana ndio wenye heri kuliko yote, naye alijua hivyo, alikuwa anapiga magoti pale shimoni kama anayepigwa picha. Mwamvua alishika ungo.

"Mimi ungo unanitosha," alisema. "Ungo haumuulizi mtu ana watoto wangapi."

"Mdomo wako ndio unaozaa kila siku," Mama Sinda akamjibu kutoka shimoni.

"Basi angalau unazaa salama."

Mama yangu alicheka, bibi hakucheka. Ilishasemwa pale nyumbani, tena si kwa kificho, kwamba uwele wa mwaka ule ukivunwa na Mwamvua hajashika mimba, atarudishwa kwao Sepuka. Misimu ilikuwa imepita tangu aolewe na Hango, na watu walikuwa wanamtazama tumbo kabla ya uso. Mimi sikutaka arudishwe. Nilimwita wifi na yeye aliniita wifi, kama mtu mkubwa mwenzake, na pale nyumbani ni yeye peke yake aliyejibu swali kwa jibu. Wengine ukiwauliza kitu walikutuma maji.

Siku hiyo jembe la mama lilikwenda chini kuliko kawaida, likatoa bonge la udongo, na ndani ya bonge nikamwona mama wa sisimizi. Alikuwa mkubwa, tumbo linang'aa, mzito, na wenzake walimzunguka wanamlamba. Nilimshika. Wale wadogo waliponipanda mkononi hawakuniuma, walikuwa wanapapasa kidole kile kilichomgusa, kile tu, wanakirudia rudia, vidole vingine wanapita. Nikamwonyesha wifi. Akainama akatazama sana.

"Wamesikia harufu yake," akasema. "Wanadhani wewe ndiye mama yao. Waitikie."

Bibi alisema shimo hilo limeshaharibika, nimchukue huyo mama na udongo wake nikamweke karibu na nyumbani. Nikamweka kwenye nusu ya mtungi uliovunjika, nyuma ya tembe, pamoja na wenzake wengi. Niliwapa punje za uwele na maji kidogo. Hapo ndipo ilipokuwa shule yangu. Wengine walikuwa wa kubeba, wengine wenye vichwa vikubwa wa kuvunja punje, wengine hawakutoka kabisa, walikaa na watoto wao weupe. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetuma mwenzake, lakini kila mmoja alijua. Walikuwa wanagusana vichwa na kupita. Nilimuuliza wifi wanajuaje nani ni nani, giza lote lile. Akasema, "Kama sisi. Wewe ukiingia ndani gizani, humjui bibi? Humjui mbuzi dume?" Nikacheka mpaka nikakaa chini, kwa sababu bibi na mbuzi dume aliwaweka pamoja makusudi.

Halafu Mama Sinda akajifungua. Ilikuwa asubuhi. Watoto tulifukuzwa, lakini ukuta wa tembe ulikuwa na ufa, nami nilikuwa na jicho. Niliona wanawake wamemshika. Jirani mmoja mkono huu, jirani mwingine mkono ule, mama yangu miguu, bibi amemkamata mabega kwa nyuma, na yeye katikati amenyooka. Sikuona zaidi ya hapo kwa sababu Shauri alibweka nikafukuzwa tena. Baadaye nikasikia mtoto analia. Alikuwa wa kiume, Mughanga. Kwa akili yangu, basi, mtoto hupatikana hivyo. Wanawake wanakushika, wanakunyoosha, mtoto anakuja. Hakuna aliyeniambia vingine, na mimi niliuliza. Nilitumwa maji.

Mzazi wa kwetu alipakwa samli iliyochemshwa na mizizi ya kunukia. Harufu ile siwezi kuiandika. Ilikuwa na maziwa ndani yake, na moshi, na kitu kikali cha mizizi, na ukiisikia ulijua hata ukiwa umefumba macho kwamba hapa yupo mzazi. Mtu mwenye harufu ile hakubebeshwa maji. Uji wa kwanza ulikuwa wake. Wazee walimsalimia kwa upole. Kazi ya kumpaka kila asubuhi ilikuwa ya Mwamvua kwa sababu ndiye mkwe mdogo pale nyumbani, na bibi aliweka sharti kwamba akimaliza anawe mikono kwa majivu humo humo ndani kabla hajatoka, harufu ya mzazi isitembee nje. Kwa hiyo kila asubuhi alipaka mgongo wa mwenzake, akapaka tumbo la mwenzake, akanawa majivu, akatoka akiwa ananuka majivu.

Siku zile mimi nilikuwa na jambo langu. Nilimtoa sisimizi mmoja wa kubeba, nikamsugua taratibu kwenye tumbo la mama yao, nikamrudisha kwa wenzake. Nilitaka kuona kama watamlamba kama walivyolamba kidole changu. Wa kwanza aliyekutana naye alimpapasa, akarudi nyuma, akampapasa tena. Kisha akamshika mguu. Akaja mwingine, mguu wa pili. Wakaja wengine, mpaka kila mguu una mtu wake, na wawili wameshika zile nyuzi za kichwani, wakamvuta kila upande kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani. Hawakumuua. Walimshika tu, wakakaa hivyo. Nikadhani labda ni vidole vyangu vimewaudhi. Nikamchukua mwingine nikamsugua kwenye punje ya uwele, wakampapasa wakamwacha aende. Mwingine nikamsugua kwenye kitunguu, wakaruka kidogo, halafu wakamlamba mpaka akasafika. Ni yule mwenye harufu ya mama peke yake waliyemshika.

Nilielewa kama mtoto anavyoelewa. Nilikimbia kwa wifi nikamwambia, "Nimempaka harufu ya mama yao, sasa wamemshika, anajifungua."

Alikuja akachuchumaa pale kwenye gae la mtungi, jua linamchoma kisogo. Hakucheka. Nilikuwa nimezoea acheke.

"Wamemshika muda mrefu?"

"Tangu nimempaka."

"Na mwenyewe anapigana?"

"Hapigani. Amelala tu."

Akainuka. Kisha akasema, "Haya, wifi. Akijifungua uniite." Akaondoka. Mpaka leo sijui aliona nini pale. Najua alikuwa mtu mzima na alikuwa ameona maisha kuliko mimi, na sidhani kama aliona kuzaa.

Bibi Tausi alikuja kutoka Issuna kumbariki mzazi. Kwa mila yao wale wazee, mkubwa wa ukoo alipiga funda la maziwa akampulizia mzazi kifuani na kusema maneno yake. Walimkalisha kwenye kivuli cha tembe, na mimi nikawekwa karibu yake nimeshika kata ya maziwa, mpaka Mama Sinda atakapojifunga vizuri atoke. Bibi yangu, mama, na Mama Kidawa walikuwa jikoni. Mwamvua akatoka ndani kwa mzazi na kibuyu cha samli. Mara moja nikajua hakunawa. Harufu ilitoka naye. Tena haikuwa ya mikononi tu, shingoni palikuwa panang'aa.

"Huyo anayepita ni mzazi," Bibi Tausi akasema. "Njoo, mwanangu. Mimi nimekuja kwa ajili yako, usinipite."

Mwamvua akasimama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umejifungua salama?"

Mimi nilisubiri acheke aseme, bibi, umenoa. Ndivyo alivyokuwa. Badala yake alipiga magoti.

"Salama, bibi."

"Mtoto gani?"

"Wa kiume."

"Ananyonya?"

"Ananyonya, bibi. Ananyonya mpaka ananiumiza."

Yule mzee akacheka cheko la kujua. "Ndivyo wanavyoanza, na wakikua hawaachi." Akanyoosha mkono, nikampa kata. Mnieleze nyinyi mtoto angefanya nini. Mzee amenyoosha mkono, unampa. Akapiga funda, akampulizia Mwamvua kifuani, maziwa yakateremka juu ya samli, akamshika mikono yote miwili akasema, "Nyumba yako isikauke. Wakuite mama mpaka uchoke kuitika."

Mwamvua alikuwa amefumba macho. Sijawahi kuona uso kama ule, wala kanisani wala msikitini.

Ndani Mughanga akalia.

"Mtoto analia ndani na wewe uko nje?" Bibi Tausi akauliza. Na sauti ya Mama Sinda ikatoka mlangoni, nyembamba, "Bibi, mzazi ni mimi. Niko huku."

Wanawake wakatoka jikoni. Hawakuuliza kitu, walinusa tu. Mama yangu akamshika mkono mmoja, Mama Kidawa mkono mwingine, bibi akamshika mabega kwa nyuma, wakamvuta mpaka kwenye lundo la majivu, wakamlaza. "Mshike mkono ule," bibi alisema. "Mshike vizuri." Mama Sinda alikuwa anapiga kelele mlangoni, amekumbatia mtoto. Wakaanza kumsugua kwa majivu na maji, shingo, kifua, mikono, na yeye amenyooka katikati yao, hapigani.

Nami nilishaona jambo hilo kwa macho yangu, tena zaidi ya mara moja. Niliona kupitia ufa, nikaona kwenye gae la mtungi. Harufu, halafu wanakushika, halafu mtoto. Nilitupa kata nikakimbia mpaka kisimani walikokuwa wananywesha ng'ombe, nikamwambia Hango mbele ya wenzake, "Kaka, wifi wameshamshika. Anajifungua."

Wenzake wakaangua kicheko. "Hango, unatuficha mambo." Mwingine akasema, "Tumbo lenyewe alilificha wapi, kwenye kibuyu?" Hango alinitazama. Alikuwa mume, alijua alichojua, mtu mzima yeyote angejua. Lakini alikimbia. Alitupa fimbo chini akakimbia mbele yangu, sikumfikia.

Nilipofika uani amesimama. Mwamvua alikuwa amekaa kwenye lundo la majivu, mwili mzima kijivu, nguo imelowa, na wanawake wanapangusa mikono yao.

"Mtoto yuko wapi?" Hango akauliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza njia.

Mwamvua akainua uso. "Hayupo, Hango. Yalikuwa mafuta tu."

Baada ya hapo mambo yote yalikuwa ya wakubwa. Bibi alisema Mwamvua amekula baraka ya mwenzake, amejivika kisicho chake, na mtu wa namna hiyo akiachwa nyumba inavurugika, kila mmoja atajifanya yule asiye. Bibi Tausi, ambaye ndiye aliyedanganywa, alisema yeye hana neno. "Mate ni yangu," alisema, "nitapuliza tena. Kwani yamekwisha?" Akampulizia Mama Sinda, akasema maneno yale yale, akala akaondoka zake. Hata yeye hakusikilizwa. Na Hango, mtu mzima, mwenye sauti ya kuita ng'ombe bonde zima, hakutoa hata neno moja. Nilimtazama mdomoni nikisubiri. Sikuona kitu.

Mwamvua akawekwa kando. Maji aliyochota hayakunywewa, ugali alioupika hawakuula, alilala kwenye kibanda cha mbuzi, hakupaka tena mtu. Nilimuuliza bibi mpaka lini. Akasema, "Mpaka harufu iishe." Haya. Nilishika neno hilo. Kila siku nilikwenda kumnusa wifi. Siku za kwanza samli ilikuwepo bado, kwa mbali, chini ya majivu, penye kona za shingo. Halafu ikabaki moshi. Halafu akanuka yeye mwenyewe, jasho na majani ya mbuzi. Nikaenda kwa bibi nikasema, "Bibi, harufu imeisha." Akasema toka hapa. Nikaenda kwa mama, mama, harufu imeisha, nimenusa mwenyewe. Akanituma maji. Nikaenda kwa Hango nikamvuta shuka. Akaniambia wewe umeshasema ya kutosha.

Na wakati huo huo kule nyuma ya tembe wale wangu walimwachia mwenzao. Nilikuta asubuhi moja ameachwa mguu mmoja, baadaye mwingine, kadiri harufu ilivyokuwa inamtoka. Wa mwisho akampapasa, akampita. Yeye akajisafisha kichwa, akatembea kidogo kama mtu aliyekalia mguu, akaokota punje ya uwele akaingia nayo ndani. Hakuna aliyemkumbusha. Nilirudi uani mbio nikawaambia wote, bibi, mama, Mama Sinda aliyekuwa ananyonyesha, "Sisimizi wamemwachia wa kwao. Harufu imeisha wakamwachia. Mbona nyinyi hammwachii?" Mama alinipiga na mwiko wa ugali. Si kwamba uliniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeleta jibu, jibu lenyewe walilolitaka, na mkono wa kulipokea haukuwepo.

Uwele haukungojewa hata uvunwe. Waliamua aende. Hango asubuhi hiyo alipata ndama wa kumtazama, ndama mwenye afya kabisa. Mimi nilimsindikiza wifi mpaka pale njia inapoachana na mashamba yetu. Alibeba kikapu chake kichwani na mkeka, basi. Hakulia. Aliniuliza, "Wale wadudu wako. Yule uliyempaka, alijifungua?"

"Hapana. Walimwachia."

"Akafanya nini?"

"Akaokota uwele."

Akatikisa kichwa taratibu, kikapu hakikuyumba. "Mjinga yule," akasema. "Angetoka akaenda zake." Halafu ndipo akacheka, cheko lake lile lile, akaniambia, "Rudi, wifi. Mama yako atakutafuta akutume maji."

Hango alioa tena. Mama Sefu alikuwa mwanamke mwema, sina neno naye, watoto wake wamenizikia waume na wamenijengea choo. Lakini jina la Mwamvua halikutajwa tena pale nyumbani. Si kwamba lilikatazwa. Lilikosa kazi. Wanawake wa kwetu tunaitwa kwa watoto, mimi mwenyewe sasa ni Bibi Amina, jina nililopewa na baba yangu hakuna aliye hai anayeniita nalo. Yeye hakuwa na la kuitiwa, basi akafutika. Mama Sinda, kabla hajafa, nilimuuliza kama anamkumbuka Mwamvua. Akaniambia, "Mwamvua yupi?" Mtu aliyempaka mgongo. Nilinyanyuka nikaondoka, maana nilikuwa nimeshika bakuli la uji na nilijiogopa.

Na nikiwa nadhani yamekwisha, mwaka huu huu wa maduka yaliyofunguliwa, basi lilisimama hapa barabarani, akashuka mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa kuku, na matenga yake, akaja kwangu kuomba maji ya kuku. Akasema ni mtu wa Sepuka. Nikamuuliza. Nilimwambia Mwamvua, mrefu, mcheshi, aliolewa Ihanja akarudi. Akafikiri. Akasema, "Mwamvua ninayemjua mimi aliolewa tena upande wa Unyirambani, akiwa mtu mzima. Wakubwa walisema alichekesha mpaka msibani. Lakini sisi hatukumwita Mwamvua. Tulimwita Mama… Mama nani yule." Akashika paji la uso. "Mama… ninalo hapa hapa mdomoni." Kondakta akapiga bodi la basi, kuku wakalia, akanyanyua tenga lake. Alipokuwa anapanda nikamfuata na fimbo yangu mpaka mlangoni, nikamwambia mama nani, taja, hata kama huna hakika. Akasema atakumbuka, akirudi ataniambia. Hajarudi. Kila basi linaposimama natoka nje.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Majina nimeyatoa kichwani kwangu. Kama mkwe wa Bibi Tausi hakuwa Halima, kama mbwa hakuwa Shauri, au kama kuna aliyekuwa pale kisimani akaona vingine, aniambie, sitachukia, nitafuta niandike upya. Lakini hasa nawaomba nyinyi wa Sepuka, na nyinyi wa Unyirambani mliokuwa watoto nyakati zile. Kule juu, mbele ya jina la Mwamvua, nimeacha nafasi. Huyo mwanamke aliitwa Mama nani? Na walimwita mpaka akachoka kuitika?